Jeneza Lililopita Nyuma ya Boma

Ijumaa, Singida mjini. Upepo tangu alfajiri, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Mawingu yanakuja, yanasimama juu ya yale mawe makubwa ya upande wa ziwa, halafu yanaondoka bila kusema lolote.

Leo sijagusa kamera. Mama kaniuliza kama naumwa, nikamwambia nimechoka tu. Akasema uchovu haukatai chakula, akaniwekea ugali wa mtama na mlenda, nikauangalia mpaka ukapoa. Akautoa bila kunigombeza, na mama yangu asiyegombeza ujue ameshaona jambo.

Siumwi. Nina hasira, na chini ya hasira kuna kilio kinachokataa kutoka.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi natengeneza dokumentari. Sitengenezi za wanyama wala za harusi. Zangu ni za ahadi, zile ambazo watu wameahidiwa, na kile kilichowafikia kweli. Kaka yangu anayeuza mafuta ya alizeti pale sokoni ana jina lake kwa kazi yangu, anaita "kupiga picha shida za watu". Huwa namjibu kwamba yeye anauza mafuta na bado ngozi yake kavu.

Hii ya safari hii ilikuwa ya boma la zahanati. Kijiji kipo juu, ukitoka Shelui unapandisha upande wa Sekenke. Utaratibu mnaujua: wananchi wanainua kuta kwa nguvu zao, zikifika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, serikali inaleta bati, milango, vitanda na mganga. Wao walifanya ya kwao. Wanaume walifyatua na kuchoma tofali, wanawake wakabeba mawe, mchanga na maji kutoka lamboni. Kuta zikasimama, nzuri, zimenyooka. Kisha zikaendelea kusimama. Sasa mbuzi wanalala kwenye mapokezi, na majani yameota kwenye chumba cha kujifungulia.

Hapo ndipo nilipomkuta Eliza.

Alikuwa na mimba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Niseme ukweli, watu wengi ukiwawashia kamera wanakuwa kama wako mbele ya hakimu. Eliza alikuwa kama kamera ni shoga yake. Nilimwomba anionyeshe vyumba, akanitembeza kama mwenye nyumba, kanga kiunoni, anafukuza mbuzi kwa kisigino. Tulipofika kwenye chumba chenye majani akasimama katikati, akatazama juu palipotakiwa kuwa na paa, akasema: "Hapa ndipo kitanda changu, wengine mtanipisha. Mwanangu atazaliwa anahesabu nyota, huyu lazima awe mwalimu wa hesabu."

Nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Kile kipande kina mtikisiko mpaka leo, na Hamisi, mhariri wangu, alikataa kuurekebisha. Alisema huo ndio ushahidi kwamba mtu alikuwepo.

Eliza hakujifungulia hapo. Uchungu ulimshika mapema kuliko alivyotegemea, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, wakashuka naye kuelekea Shelui. Mtoto alizaliwa kando ya njia. Mama yake hakufika.

Mtoto yupo. Ni wa kike, anaitwa Rehema, na anaishi kwa bibi yake.

Mume wa Eliza alinipigia simu kutoka machimboni, sauti imekauka, akaniomba nikapige video ya mazishi kwa sababu ndugu zao wa Itigi wasingewahi. Ni jambo la kawaida huku, msibani anatafutwa mpiga picha kama anavyotafutwa mpishi. Nikaenda. Njia ya makaburini inapita nyuma ya lile boma. Mimi nilikuwa nimetangulia, nimesimama upande wa mbele, kamera inaelekea kwenye madirisha yasiyo na fremu. Jeneza likapita nyuma ya boma. Likaonekana dirisha la kwanza, likapotea ukutani, likaonekana la pili, likapotea, na wimbo wa wanawake unalifuata.

Nilikuwa nalia. Na huku nalia, mkono wangu ulikuwa umetulia tuli, kwa sababu mkono ulishajua umepata nini.

Hamisi alipokiona kile kipande aliinuka kitini. Akasema filamu ndiyo hiyo, hivyo vingine vyote ni mlango wa kuingilia. Alikuwa sahihi. Tukakiweka mwisho kabisa, baada ya Eliza kucheka. Tulikuwa na nafasi ya kuionyesha filamu kwenye kikao cha wakubwa, wale wanaopanga maboma yapi yaezekwe kwanza na yapi yangoje. Sitakitaja kikao wala ukumbi, nina akili zangu. Nilichojua ni kwamba binadamu akiona jeneza lile likipita kwenye madirisha yale, bati litatoka.

Ila nina kautaratibu kangu: hakuna mgeni anayeiona filamu kabla ya wale waliomo ndani yake. Na kama aliyemo hayupo, anaona mzazi wake.

Kwa hiyo nilipanda kwa Mama Marta, mama yake Eliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza za nyumbani kwetu mmoja mmoja kama ilivyo ada yao, mpaka kuku. Tukatundika kanga dirishani kupata giza, nikaweka kompyuta juu ya kigoda. Rehema alikuwa amelala begani kwake. Eliza alipotokea kwenye kioo akisema "Karibuni," Mama Marta akaitika, "Tumekaribia." Akaitika hivyohivyo, kama mtu anayeitika mlangoni. Kwenye ile hadithi ya nyota alicheka kwa pua, akasema kitu kwa Kinyiramba ambacho sikuomba nitafsiriwe.

Lilipotokea jeneza aliweka kiganja chake juu ya kioo. Akakiacha hapo mpaka mwisho. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia atoe.

Niliposimamisha, alimhamishia Rehema bega la pili. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hizo za kucheka waonyeshe. Hii ya sanduku itoe. Huyu mtoto atakua, na hizi simu zenu hazisahau kitu. Sitaki akutane na mama yake akiwa kwenye sanduku. Akutane naye anacheka."

Nilibishana naye. Ndiyo, nilibishana na mfiwa nyumbani kwake. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba wakubwa wameona maboma mengi, boma peke yake haliwashtui, lakini hili litawagusa, wataezeka, na mwanamke mwingine hatapakiwa kwenye pikipiki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kama mpaka waone sanduku ndiyo waezeke," akasema, "basi wanaezeka kaburi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamwahidi.

Hamisi na mimi hatujawahi kugombana namna ile. Aliniambia nimeiua filamu, nikamwambia filamu haina mama. Akasema hata zahanati haina bati. Tulinuniana, kisha akakaa akakata, kwa sababu pamoja na ubishi wake Hamisi ni mtu mzuri. Ila alinionya kwamba ile ya zamani ameiweka kwenye flashi, na flashi itakuwa mfukoni mwake, nikibadili mawazo nimwangalie tu.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Kijiji kilimtuma Mama Marta amwakilishe kila mwanamke aliyebeba mchanga, akaja na Rehema mgongoni, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango ili mtoto akilia atoke. Mezani maji ya chupa, ukutani kitambaa cheupe, feni inazunguka na kulalamika. Tukaionyesha filamu. Wakaitazama, na sitawasingizia, waliitazama vizuri. Mbuzi walipotoka mapokezini, wakubwa walicheka. Eliza aliposema habari ya mwalimu wa hesabu ukumbi mzima uliangua kicheko, mmoja akapiga meza. Filamu ikaisha Eliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, nyuma yake mbingu tupu.

Wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kikao, mtu mkunjufu, si mbaya, akasema tumewaburudisha na pia tumewaelimisha. Kisha akatabasamu akauliza, "Sasa huyu mama mcheshi mbona hamkuja naye? Angetueleza mwenyewe. Si mnajua, asiyekuwepo na lake halipo."

Watu wakacheka tena.

Hamisi alinigeukia, mkono wake mfukoni. Nilihisi ile flashi kama iko kwenye kiganja changu. Ilikuwa ni kumwangalia tu, hata kutikisa kichwa kusingehitajika, na kicheko kile kingekatika na kila mmoja mle ndani angejua alikuwa anamcheka nani. Haki ya Mungu nilitaka. Nilitaka kwa ajili ya bati, na nilitaka pia kwa hasira, niwaone nyuso zao. Nikatazama mezani. Sikumwangalia Hamisi.

Nyuma kiti kikalia. Mama Marta alikuwa amesimama.

"Habari za kazi, viongozi," akasema. "Huyo ni mwanangu. Alikufa akipelekwa Shelui kujifungua. Mtoto wake ni huyu."

Akakaa.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwenyekiti alivua miwani, akasema poleni sana mama, na alimaanisha, nilimwona. Akaomba tusimame dakika moja kwa ajili ya marehemu. Tukasimama wote, wakubwa, mimi, Hamisi, mhudumu aliyekuwa anagawa soda. Feni ikaendelea kulalamika. Kisha tukaketi, mwenyekiti akasema suala la boma wamelipokea na linafanyiwa kazi, akamwomba katibu asome ajenda inayofuata. Ilikuwa habari ya ushuru wa alizeti.

Linafanyiwa kazi. Mtanzania yeyote anayesoma hapa anajua maneno hayo yana uzito gani.

Leo nimeshinda nikijiuliza kama nilifanya sawa. Nikimfikiria Rehema, akiwa msichana mkubwa, anashikishwa simu na mtu, anamwona mama yake anafukuza mbuzi kwa kisigino, roho inatulia. Nikimfikiria mwanamke mwingine wa kijiji kile ambaye leo tumbo lake limeanza kuonekana, roho inachafuka upya. Sina jibu linalowatosha wote wawili. Mpaka saa hizi Hamisi hajanipigia, na mimi sijampigia.

Kuna jambo moja ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Jana tukirudi, Hamisi akiendesha, Mama Marta alikaa na mimi kiti cha nyuma, Rehema amelala mapajani mwake. Hakusema neno njia nzima. Nilidhani amekasirika kwa kulazimika kusimama mbele ya watu, au amechoka, nikamwacha. Tulipopita Shelui, pale malori yanapopaki, akauliza taratibu, bila kunitazama, "Sasa bati linakuja lini?"

Nikamwambia mama, hawajasema.

"Si walisimama wote," akasema. "Nilimwangalia kila mmoja. Hakuna aliyebaki amekaa."

Ilinichukua muda kuelewa. Kijijini kwao, kwenye mkutano mkuu, wanaokubali jambo wanasimama na wanaokataa wanabaki wamekaa. Hata kujenga lile boma kulipitishwa hivyo hivyo. Njia nzima ile, kimya kile chote, Mama Marta alikuwa anarudi nyumbani na bati. Alikuwa anapanga atakavyowaambia wenzake.

Na mimi ndiye niliyetakiwa kumweleza. Hamisi alipunguza mwendo bila sababu. Nikamshika Mama Marta mkono, nikamwambia hapana mama, pale hawakupitisha kitu, walisimama kumpa heshima Eliza tu.

Aliangalia nje. Akamfunika Rehema vizuri kichwani, kwa sababu upepo ulikuwa unaingia dirishani.

"Basi wangekaa," akasema.