Nilipinga mashine za kunyanyulia wazee, sasa nimeambiwa nizichague mimi

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimetwishwa kuchagua kitu ambacho nimekipinga mbele za watu kwa miaka sita, na kikao ni Alhamisi.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mlezi katika makao ya wazee kwenye mji mdogo wa pwani ya Tosa, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu ninachojulikana nacho hapa basi ni mikono yangu, kwamba namtoa mzee kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu peke yangu bila kumtikisa, yeye ananikumbatia shingoni, mimi namshika kiunoni, moja, mbili, twende, na wanagenzi wote waliopita kwetu nimewafundisha hivyo hivyo na kuwaambia kwamba mashine ni za kunyanyulia mizigo, binadamu hunyanyuliwa na binadamu. Maneno hayo yalichapishwa kwenye kijarida chetu, picha yangu ikiwa pembeni.

Sasa mkurugenzi wetu, Bwana Kuroiwa, amepata ruzuku ya mkoa ya kununulia vifaa vya kunyanyulia wazee, akaniita ofisini akasema, "Dada, wewe ndiye mkongwe wetu. Ukichagua wewe, hakuna wa kubisha." Nikatoka na katalogi tatu kwapani na kichwa kizito. Amekuja muuza vifaa mmoja na mashine ndogo ya kumsimamisha mtu, anaapa kwamba hiyo moja inawatosha wazee wetu wote ishirini na wanane. Naye Chinatsu, msichana wa zamu yangu, anataka reli ya darini, ile ambayo mtu anakaa kwenye mbeleko ya kitambaa kisha anasogezwa kwa juu hadi bafuni, na nilipomwambia wazee watajiona kama samaki waliotundikwa mnadani, alinijibu palepale, "Dada, umewahi kuwauliza?" Mzee Iwakichi, ambaye aliendesha kreni karakana ya meli miaka thelathini, akadakia toka kwenye kiti chake, "Mimi nimenyanyua injini nzima za meli na hazikupata hata mkwaruzo. Ninyi mnanifinya makwapa kila siku ya Mungu!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini iliniuma.

Na hayo si yote, kuna hili ambalo sijamwambia hata mume wangu. Wiki tatu zilizopita, siku ya kuoga, nilikuwa namtoa Bibi Umeno kwenye kiti cha kuogea, ana miaka themanini na minane, kiuno changu kikakatika ghafla, nikamwachia, akateleza mpaka chini akakaa kwa kishindo kwenye vigae. Chinatsu aliposikia akaja mbio akauliza kulikoni, na kabla sijafungua mdomo bibi akasema, "Nimejikalisha tu, mwanangu, nilichoka," huku amenishika mkono. Sikuandika kitu kwenye kitabu cha ajali. Tangu siku hiyo navaa mkanda wa kiuno chini ya sare, nameza dawa za maumivu, na naendelea kunyanyua kama kawaida. Bibi Umeno hakuvunjika, nadhani, ingawa anasema nyonga inamvuta akigeuzwa, na amekuwa mpole kuliko zamani, kila nikimbeba ananinong'oneza, "Mimi mzito, nisamehe, nakusumbua," tena wali anauacha nusu, yeye aliyekuwa haachi hata mwiba wa samaki, mpaka wapishi wanamsifu kwamba siku hizi hana makuu kabisa, na kweli amekuwa mwepesi kidogo, kiuno changu kinashukuru.

Sasa nikichagua mashine wataniuliza kwa nini nimegeuka, na nisipochagua nitakuja kumwangusha mwingine. Niambie ninunue ipi, na kama iko njia ya kuinunua bila habari ya bafuni kujulikana, nakuomba unioneshe.

Mikono Iliyochoka, Tosa

MAMA SADAYO ANAJIBU

Dada yangu, rudia kusoma barua yako pale ulipotaja wali. Si kwamba Bibi Umeno ameacha makuu. Anajinyima chakula ili awe mwepesi mikononi mwako.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini kabla ya kukalia kiti hiki cha ushauri, na wanawake wa rika lile nawajua. Walilelewa waone haya kumsumbua mtu, hata mtu anayelipwa kuwahudumia. Alianguka kwa sababu yako, akakusitiri kwa uongo, na sasa anazidi kukusitiri kwa mwili wake mwenyewe. Wapishi wanamsifu, na kiuno chako kinashukuru! Nilipofika hapo niliitupa barua yako mezani. Nilikukasirikia sana. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi, nikiwa kijana, niliwahi kumpongeza mzee kwa kula kidogo, nikaiokota tena.

Kwa hiyo tuanze na yasiyongoja kikao. Leo hii daktari aitazame nyonga ya Bibi Umeno. Mfupa wa umri huo unaweza kuwa na ufa na mwenye nao bado akakutabasamia. Leo hii apimwe uzito. Leo hii ufungue kitabu cha ajali uandike tarehe, saa, mahali, na jina lako, bila kupunguza neno. Halafu ujipeleke na wewe ukapimwe kiuno, na mpaka uruhusiwe usimbebe mtu yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mwenzio.

Sasa mashine. Umeniuliza ununue ipi, nami nakuuliza, ni ya nani? Huyo anayeapa kwamba moja inawatosha wote ishirini na wanane mpe chai, mshukuru, mfungulie mlango. Mashine ya kumsimamisha mtu ni ya yule anayeweza kukanyaga, kushika kwa mikono, na kufuata anachoambiwa. Mfunge Bibi Umeno humo na nyonga yake hiyo, ataponyoka kwa makwapa, na utakuwa umemwangusha mara ya pili kwa ruzuku ya mkoa.

Weka katalogi chini. Mchukue Chinatsu, naam, huyo huyo Chinatsu, mpite kitanda kwa kitanda na daftari. Nani anasimama kidogo? Nani anakaa bila kuegemezwa? Huyo wa kukaa pengine anahitaji ubao wa kutelezea tu, kutoka kitandani hadi kitini, na bei yake ni ndogo. Asiyeweza kusimama wala kukaa ndiye wa kubebwa mzima kwenye mbeleko, na mbeleko hupimwa kwa mwili wa mtu kama nguo. Kubwa mno mtu anaponyoka, ndogo mno inambana mapaja. Ile iliyo wazi chini kwa ajili ya choo usimpe mzee anayelegea kiwiliwili, na mwenye shingo dhaifu mtafutie inayoshika mpaka kichwa.

Kisha shika tepu, piga magoti, upime uvungu. Makao mengi yamenunua vile vitanda vya chini kabisa ili mzee akianguka asiumie, na vingi vimezibwa chini. Nayajua makao yaliyonunua mashine mbili za mbeleko zinazosukumwa kwa magurudumu, miguu yake ikakataa kuingia uvunguni, na mpaka leo zinaanikiwa taulo. Pima pia kizingiti cha bafu, na uone kama mashine inageuka mle ndani ikiwa na mtu, maana dukani zote hugeuka. Ukitaka reli, fundi apande kwanza aseme kama dari lenu litahimili.

Tukiwa hapo bafuni, naomba unijibu. Ni lini Bibi Umeno alikaa kwenye maji ya moto yakamfika mabegani? Naweka dau mnamkalisha kitini mnamwagia, kwa sababu hakuna anayeweza kumwingiza kwenye beseni kubwa la kuogea akamtoa. Mwulize anapendelea nini, kutundikwa dakika moja aingie majini, au kukumbatiwa maisha yake yote akioga kwa kumwagiwa. Jibu lake sitakutabiria. Lakini swali hilo Chinatsu alishakuuliza na hukumjibu.

Usinunue kabla ya kuazima. Waambie wauzaji walete za majaribio, wiki mbili, kwenye vyumba vyenu na bafu lenu. Wa kwanza kunyanyuliwa awe wewe, ujue mbeleko inakata wapi na hofu inaanzia wapi. Wa pili Bwana Kuroiwa, maana mkurugenzi akining'inia kidogo anapata akili ya kununua vizuri. Wote wafundishwe, walezi wawili kila mara, na mbeleko ikaguliwe mishono kabla ya kila safari.

Najua unachokiogopa, kwamba mapenzi yataondoka. Dada, ukimbeba mtu amekukumbatia shingoni humwoni uso. Mashine ikichukua uzito, mkono wako mmoja uko kwenye kitufe na mwingine uko begani kwake, na unaona kama anakunja uso.

Kuhusu njia ya kununua bila habari ya bafuni kujulikana: haipo, na ingekuwepo nisingekuonesha. Alhamisi simama useme, "Nilimwangusha Bibi Umeno nikaficha. Nilikuwa nimekosea, na wote niliowafundisha niliwafundisha vibaya." Utaaibika, sikudanganyi. Lakini wako walezi mle ndani waliofunga mikanda chini ya sare kama wewe, wanangoja mkubwa mmoja aseme. Ukimaliza waoneshe daftari lenu na vipimo vyenu, na umwache Chinatsu azungumzie reli.

Hiyo ni Alhamisi. Jioni hii una kazi nyingine, na hii usimtume mtu. Vuta kiti ukae karibu na Bibi Umeno, macho kwa macho, umwambie, "Bibi, wewe hukuwa mzito hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa mgonjwa, nikakuacha ufikiri ni wewe." Atakataa, atasema si kitu, atakuomba radhi tena. Usimkubalie. Rudia mpaka aamini.