Picha Iliyokwenda Yenyewe kwa Mama

Bi Geertje, nakusoma gazetini kila Jumatano na siku zote nilidhani wanaokuandikia ni watu wasio na wa kuzungumza naye, leo ni mimi huyu hapa, mume ninaye, kaka ninaye, na hakuna hata mmoja anayeweza kunituliza, kwa hiyo naomba uniazime sikio na unijibu mapema, maana Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kuzaliwa ya mama na nyumba yake itajaa watu.

Jambo lenyewe ni fremu ya picha. Si ile ya mbao ya kutundika ukutani, ni hii ya kidijitali inayochomekwa kwenye umeme na kubadilisha picha zenyewe, na sisi watoto tunaipelekea picha kutoka kwenye simu zetu popote tulipo. Tulimnunulia mama baada ya baba kufariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na mama alikuwa amefikia mahali pa kula mkate amesimama jikoni, na sitaki kuisingizia fremu ubaya, ilimsaidia kweli, alirudi kukaa mezani, akawa anaisalimia asubuhi, baba anapita na viatu vyake vya kuteleza kwenye barafu, wajukuu wanapita na midomo yao ya chokoleti, na mama anawajibu kila mmoja kana kwamba kabisha hodi. Ilimpa watu wa kunywa nao kahawa.

Lakini karaha zake nazo zilianza mapema. Kwanza mama aliiweka dirishani na kuigeuza upande, yeye aione akiwa mezani na barabara nayo iione, kama tunavyoweka sote huku kwetu vitu vyetu vizuri, kwa hiyo kila anayepita na baiskeli anajua nimekwenda likizo wapi na mtoto wangu kafeli nini. Halafu ikaanza hesabu. Mama akawa anajua nani anatuma picha na nani hatumi, akaniambia watoto wa kaka yangu Sjoerd wanapita pale hadi anawachoka na mimi hajaniona tangu Pasaka, nikaona haya, mume wangu Wybren akaniwekea kwenye simu kwamba kila picha ninayopiga iende yenyewe kwa mama bila mimi kugusa chochote. Nikamshukuru. Nikasahau.

Sasa ngoja nikwambie ninachokificha. Nina saratani ya titi, nimefanyiwa upasuaji, natundikiwa dripu za dawa, na mama hajui. Baba alipougua, mama ndiye aliyemuuguza nyumbani, kwenye kitanda tulichokiweka sebuleni, mpaka pumzi ya mwisho, na siku ya mazishi, watu wakiwa na vikombe mikononi, alituambia sisi watoto, "Hili sitaliweza tena." Niliposikia daktari akitaja ugonjwa wangu, maneno hayo ndiyo yalinijia kwanza, kabla hata sijajiwaza mwenyewe. Basi nikanyamaza, nikawa siendi kwake, leo nasingizia kazi, kesho nasingizia mafua, kwenye simu nacheka kama kawaida.

Wiki iliyopita mshono uligeuka mwekundu, nikampigia nesi, akasema nimtumie picha aone kama kuna haja ya kwenda, nikasimama mbele ya kioo cha bafuni, kichwa kitupu bila unywele, shati wazi, kidonda wazi, nikapiga picha na kumtumia. Nesi akasema ni kawaida, niendelee kupaka dawa. Nikaiweka simu mezani nikaanza kumenya viazi, na katikati ya viazi simu ikalia ule mlio mdogo, nikasoma: Mama ameipenda picha yako.

Bi Geertje, nilikaa chini sakafuni.

Ile fremu ukiigusa kioo inatuma alama ya moyo kwa aliyeleta picha. Mama huipenda kila picha, aliipenda hata picha ya bomba letu la choo ambayo Wybren aliipiga kwa simu yangu ili amwonyeshe fundi. Tena akiifuta vumbi, kitambaa kinagusa kioo na mioyo inaruka ovyo. Wybren anasema ndicho kilichotokea, ni kitambaa, nisijitie presha bure, na mimi nilitaka sana kumwamini, nikamwamini mpaka kesho yake asubuhi.

Kesho yake alipiga simu Bi Akke, jirani wa mama wa ng'ambo ya barabara. Hakunisalimu. Alisema, "Mama yako kafunga pazia mchana kweupe. Kuna msiba ambao hatujaambiwa?" Na unajua huku kwetu Friesland hakuna anayefunga pazia mchana, mtu atakufikiria una cha kuficha, pazia la sebule ya mama mimi nimeliona limefungwa mchana mara moja tu maishani, baba alipokuwa amelala ndani kwenye jeneza. Nikampigia mama. Akaniambia jua linachubua rangi ya kiti chake. Bi Geertje, mvua imenyesha wiki nzima. Akaendelea kuzungumza habari za kabichi za bustanini, na alipokuwa anaaga akauliza, "Wewe, unakula vizuri?" Mama yangu hajaniuliza swali hilo tangu nilipoolewa.

Sasa Wybren anasema niifute ile picha kwenye simu yangu, ikifutika kwangu inafutika na kwa mama, halafu nivae wigi niende kwenye sherehe nikale keki, na kama mama aliona kitu atadhani aliota. Nimeshaweka kidole kwenye picha ile mara nyingi na kukiondoa. Nikiifuta na kumbe aliona, atajua kwamba bado namdanganya machoni. Nikiiacha, Jumamosi tutakaa pale kwenye viti vilivyopangwa duara, sahani magotini, kila mtu akimpongeza kila mtu kwa sababu mama kazaliwa, na fremu inaendelea kubadilisha picha zake, watoto, baba, chokoleti, kisha mimi, shati wazi, mbele ya shemeji zangu na mchungaji na Bi Akke. Na kumwambia mama mwenyewe siwezi, kila nikifungua mdomo namsikia akisema hataliweza tena, na nikimwambia akaanguka je? Na nisipomwambia, halafu hali yangu ikabadilika?

Sili, silali, naogopa mlio wa simu yangu mwenyewe. Niifute au niiache? Nisaidie.

Ni mimi, Kidole Hewani, Friesland


Kidole Hewani, pole. Pole kwa ugonjwa, pole kwa mshono, pole kwa kumenya viazi siku kama ile. Hapo huruma yangu inapumzika kidogo, kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Mama yako ameona. Wewe unajua ameona, na umeniandikia barua ndefu kwa matumaini kwamba nitakuambia hakuona. Kitambaa cha vumbi kinaweza kuipenda picha, dada, lakini hakiwezi kufunga pazia.

Fikiri kidogo alichokifanya. Angeweza kuchomoa waya wa fremu, hakuchomoa. Angeweza kukupigia simu akilia, hakulia. Aliona mwili wa binti yake uko dirishani, barabara nzima inapita, akavuta pazia ili mtu yeyote asikuone. Akakubali kijiji kimseme yeye. Akakudanganya habari ya jua, na uongo wenyewe hata kuutunga hajui. Kisha akakuuliza kama unakula. Yote haya umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukauliza habari ya kufuta.

Na lile neno lake la siku ya mazishi. Mjane aliyekesha mpaka mwisho, amechoka, kikombe mkononi, anasema hataliweza tena. Ulitaka aseme nini siku ile? Wewe umelichukua ukalifanya sheria, ukajipa kazi ya kuamua mama yako ana nguvu kiasi gani. Nani alikuajiri? Unadhani umemwepusha na mzigo. Mzigo anao tayari, anaubeba peke yake kwenye chumba chenye giza, anakutazama ukipita na kidonda, na hana ruhusa ya kukuuliza kama kinauma.

Mume wako anakupenda na ushauri wake ni mbovu. Umwambie hivyo, na leo hii, kabla hujamaliza gazeti, mpe simu azime ule mpango wa kila picha kwenda yenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuweka. Fremu yenyewe msiitupe. Imemrudisha mama mezani, na si jambo dogo hilo. Kasoro yake ni moja, haijui kuchagua, na ninyi mlikuwa mmeiachia ichague. Kuanzia sasa picha ya kwenda kwa mama itumwe na mtu aliyeitazama kwanza. Na mara moja moja badala ya picha aende mtu.

Jumamosi usiisubiri. Nenda kesho. Usimpigie kwanza, maana utaanza kucheka kwenye simu kama ulivyozoea. Usiende na maua, atadhani umekuja kuaga. Picha usiifute ukiwa nyumbani kwako, ifute ukiwa umekaa naye, mkiiona nyote wawili, kwa sababu mwili ni wako na hiyo ni haki yako, ila usiifute nyuma ya mgongo wake. Akikasirika, mwache akasirike. Umemfungia nje muda mrefu na ana la kusema. Huenda asilie kabisa, huenda akainuka akaanza kupanga vikombe, na wewe usiseme hajali. Mambo ya sherehe, nani aambiwe na nani asiambiwe, yaamueni pamoja siku hiyohiyo, na Bi Akke asubiri zamu yake.

Unaniuliza, akianguka je? Anaweza kuanguka. Ni mama, ni mzee, na habari ni mbaya. Lakini sasa hivi ikitokea akaanguka, ataanguka peke yake, na ukiwa pale kuna wa kumshika.

Hotuba usiandae. Na kwenye samahani usikae sana, moja inatosha, ukiirudia utamfanya akubembeleze wewe. Mkishakaa, mwambie hivi: "Mama, wiki ijayo naenda kutundikiwa dripu, na sitaki kwenda bila wewe."

Kisha funga mdomo, ungoje akuulize mnaondoka saa ngapi.