Hati ya Mauzo ya Mtoto Aitwaye Chura

KITUO CHA POLISI CHA MAE THAEN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Singkaeo Panyachai
Umri: Miaka 73
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Nyumba namba 41, kijiji cha Pa Yang
Tarehe na saa: 14 Juni 2016, saa 3:20 asubuhi
Mbele ya: Sajini Thanet Bunrueang

Kwanza naomba radhi kwa kunyamaza siku kumi na moja. Kwa miaka thelathini na minane nimewafundisha watoto kwamba anayeulizwa hujibu. Mnamo tarehe 3 Juni niliulizwa swali na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, nikajibu uongo. Leo sikuitwa. Nimekuja mwenyewe.

Namfahamu Nang Hom, umri wa miaka 27, wa kabila la Washan kutoka ng'ambo ya mpaka, mchumaji wa chai. Namfahamu pia Bi Buakhiao, umri wa miaka 58, mjane, muuza tambi, jirani yangu. Nang Hom amepanga chumba cha nyuma nyumbani kwake.

Mnamo tarehe 9 Machi 2011 Nang Hom alijifungua mtoto wa kike katika zahanati ya Pa Yang. Mtoto alikuwa mdogo mno, hakunyonya, na midomo yake ilikuwa ya samawati. Tarehe 12 Machi, saa 1 asubuhi, wanawake walikusanyika kwa Bi Buakhiao ili wafanye lifanywalo kwetu mtoto akiwa hivyo. Walimlaza ndani ya ungo, wakautikisa polepole mlangoni, na bibi mmoja akaita: "Siku tatu mtoto wa mizimu, siku nne mtoto wa watu! Wa nani huyu? Anayemtaka amchukue!"

Bi Buakhiao akajibu: "Haya, nipeni mimi. Kwa ubaya huu nani mwingine atamtaka? Ona, kama chura!" Akatoa sarafu ya baht moja, akamchukua. Wanaamini kwamba mizimu ikiona mtoto ameuzwa, tena ni mbaya wa sura, haimfuati. Tangu siku hiyo anaitwa Chura.

Nilikuwa nikipita. Bi Buakhiao aliniita: "Mwalimu, wewe mjuzi wa kila kitu, tuandikie basi karatasi, mizimu isije ikabisha!" Wakacheka.

Sijapata kuamini mizimu. Ningeweza kuandika mistari miwili ya mzaha, watu wakacheka tena, yakaisha. Sikufanya hivyo. Niliandika hati kamili: muuzaji, mnunuzi, bei, tarehe, na maneno haya: "Muuzaji hana dai lolote juu ya mtoto huyu, wala hatamdai siku zijazo." Nilichora hata mstari wa sahihi. Sijui kuandika hati mbovu. Nang Hom hajui kusoma. Alitia dole gumba huku akilia na kucheka.

Baada ya wiki mbili mtoto alianza kunenepa.

Kwa miaka mitano Chura ameishi na mama yake mzazi. Amenyonya kwake na hulala kwake. Liko sharti moja tu: mtoto akiwapo, mama hasemi "mwanangu". Mara nyingi nilimsikia kupitia ua akifoka: "We Chura, hebu nenda kwa mama yako mnunuzi akakuoshe hayo matope!" Kisha alimwosha yeye mwenyewe.

Mnamo tarehe 3 Juni, saa 4:10 asubuhi, tulikwenda sote wanne katika ofisi ya wilaya kumwombea Chura namba ya utambulisho. Mimi nilikwenda kuwasomea fomu. Nang Hom alimpa ofisa mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote. Ofisa alitoa cheti cha kuzaliwa. Kisha akatoa hati yangu.

Aliisoma mara mbili. Ukutani palikuwa pamebandikwa waraka wa Wizara kuhusu biashara ya watoto mpakani, na simlaumu kwa kushtuka. Chura alisimama kati ya wanawake wawili, ameshika sketi ya mama yake.

Ofisa akauliza: "Mtoto huyu ni wa nani?"

Bi Buakhiao akajibu: "Wangu, mheshimiwa."

"Ulimzaa wewe?"

"Nilimnunua. Baht moja, na bado walinipunja!" Alitabasamu, kwa kuwa ndivyo amjibuvyo kila mtu sokoni.

Ofisa hakutabasamu. Akamgeukia Nang Hom: "Na wewe? Cheti kina jina lako. Si wako?"

Nang Hom alimtazama mtoto. Akasema: "Si wangu."

"Fikiri vizuri, dada. Hapa naandika."

"Si wangu kabisa. Mbaya hivi, atakuwaje wangu?"

Ofisa akaandika. Kisha akaniuliza: "Mzee, mwandiko huu ni wa nani?"

Niliiona pensheni yangu ikipotea. Niliona jina langu likisomwa mahakamani pamoja na neno "uuzaji". Nikasema: "Sijui."

Saa 5:00 polisi walifika. Bi Buakhiao amewekwa mahabusu kwa kosa la kununua mtoto. Chura amepelekwa katika makao ya watoto mkoani. Nang Hom yuko kizuizini na atarudishwa ng'ambo ya mpaka siku ya Ijumaa, tarehe 17, peke yake, kwa kuwa alikana mtoto kwa kinywa chake.

Jana, saa 8 mchana, nilikwenda kumwona. Nilimwambia: "Binti yangu, waambie kwamba ni wako. Neno moja tu."

Akasema: "Nimemwuza, Mwalimu. Nikimdai, watasikia."

"Nani watasikia? Hakuna kitu! Ni karatasi tu, niliiandika mimi!"

"Basi uliiandika vizuri mno. Anakula?"

Nilimweleza nilichoambiwa na makao, kwamba tangu Jumamosi mtoto ana homa. Alishika kwa mikono miwili wavu wa chuma uliotutenganisha. "Unaona? Na bado sijasema kitu."

Nilimsihi mpaka mlinzi aliponiambia muda umekwisha. Nilipokuwa nikiondoka aliniita: "Sema wewe, Mwalimu. Wewe si mama yake. Ukisema wewe, huenda wasisikie."

Kwa hiyo nasema. Mtoto aitwaye Chura, ambaye jina lake katika cheti ni Saengla, ni mtoto wa Nang Hom. Alimzaa yeye. Nesi aliyemzalisha bado yuko zahanati, aulizwe. Mama na mtoto wapimwe damu. Hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Hati ile ni kazi yangu, na akitafutwa wa kushtakiwa, nipo.

Naomba Nang Hom asivushwe Ijumaa kabla Wizara haijaamua. Naomba pia maelezo haya yasisomwe mtoto akiwapo, na mama yake akiulizwa tena, mtoto awe chumba kingine na mlango ufungwe. Nimekwisha kusema kwamba siamini mizimu. Naomba hivyo hivyo.

Nimemwahidi Nang Hom kwamba uamuzi ukitoka nitamwandikia, awe upande wowote wa mpaka, kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayemwona barabarani aweze kumsomea.

Haya ndiyo niliyopaswa kuyasema tarehe 3 Juni.

Sahihi ya shahidi: S. Panyachai

MAELEZO YA OFISA: Nimeandika kama shahidi alivyotamka. Ameyasoma mwenyewe, amesahihisha makosa yangu manne ya tahajia na kutia sahihi. Nakala imepelekwa Wizarani saa 5:40 asubuhi pamoja na ombi la kusimamisha safari ya Ijumaa. Jibu halijafika. Saa 5:55 nilipiga simu katika makao ya watoto kuuliza hali ya homa. Haijashuka. Mhudumu aliniuliza mtoto huyu aandikwe kuwa ni wa nani. Kabla ya kumjibu nilimwuliza kama mtoto alikuwa humo chumbani. Akasema yumo. Nikamwambia nitapiga tena.

Sajini T. Bunrueang