Hekalu Lililomeza Vidole

Jumamosi, Agosti 2021. Granville, magharibi ya Sydney. Jua lipo ila halina kazi, baridi imeingia mpaka kwenye kibodi, na helikopta ya polisi inatuzunguka tangu asubuhi kuhakikisha hatuvunji lokidauni. Kule ufukweni kwa matajiri, nasikia, watu wanapunga upepo.

Leo nina dharau moyoni, na nitaimwaga yote hapa.

Nahariri video za mradi wa kuhifadhi ngoma ya kale ya Wakhmer, ile iliyokuwa ikichezwa ikulu kule Kambodia. Wachezaji wengi waliuawa au walikufa njaa enzi za mauaji ya miaka ya sabini. Waliobaki ni wazee, na wachache wanaishi huku huku kwetu. Kwa sababu ya lokidauni tunawarekodi kwa Zoom. Mkuu wa mradi ni Damian, ambaye anaipenda Kambodia kama mtu anavyopenda mgahawa: amekwenda mara nyingi na anajua cha kuagiza.

Bibi Chanthou alifundishwa kipande kimoja akiwa msichana, na wenzake wote waliokijua wamekufa. Ngoma yenyewe husemwa kwa vidole. Ukivikunja hivi ni jani, hivi ni ua, hivi ni tunda.

Damian alitaka turekodi Jumanne, maana Alhamisi ana yoga. Bibi akakataa katakata. Alhamisi ndiyo siku ya walimu, na hawezi kuonyesha mikono kabla hajawasalimu walimu wake marehemu kwa ubani, mishumaa na ndizi. Damian akaniandikia kwamba mila hiyo "inabadilika badilika". Sijui aliambiwa na nani.

Ikawa Alhamisi. Bibi alimeza dawa za maumivu, kwa kuwa vidole vyake vina baridi yabisi. Akawasalimu walimu wake taratibu, huku Damian akipiga miayo na kamera yake iko wazi. Kisha akacheza kipande chote. Binti yake, Srey, alikuwa pembeni akitafsiri huku analia, na Bibi mwenyewe machozi yakamtoka.

Ila kabla ya hapo Damian alikuwa ameikataa sebule ya Bibi. Friji iliyoonekana nyuma ilimchukiza. Akamwambia Srey aweke picha ya hekalu nyuma ya Bibi, zile picha za Zoom za kuficha chumba.

Leo nimefungua faili kwenye skrini kubwa. Kila Bibi anapokunja vidole, hekalu linavimeza. Mkono unaishia kwenye kifundo. Kidole gumba kinachomoza, kinapotea tena. Uso upo, safi kabisa.

Nikampigia Damian. Akasema nisihangaike, machozi tunayo, na machozi ndiyo watu wanayoyataka.

Machozi! Mpumbavu wewe. Machozi hata mimi ninayo.

Nikiwa bado natukana peke yangu, ujumbe wa Srey ukaingia. Mama anauliza, vidole vimetoka vizuri?

Nikamjibu: vizuri sana.

Ndiyo, mimi. Mwenye dharau zote hizi.

Espérance, Mkongo wa Uvira ninayeishi naye, anayetunza wazee kule Seven Hills, alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Nikamwonyesha na ule ujumbe.

"Ule chef yako, ule Damian, ni bure kabisa," akasema. "Lakini weye ndiyo umedanganya ule mama. Mupigie sasa. Don't wait boss."

Nikapiga. Nikasema ukweli, kwamba vidole vimemezwa, na Srey akatafsiri.

"Mama anauliza, hata vya mkono wa kushoto?"

"Hata vya kushoto."

Nikamsikia Bibi akisema kitu kwa ukali, halafu akacheka kidogo. Srey akanieleza. Mama atameza dawa tena na kucheza Alhamisi ijayo, friji ikiwa nyuma yake. Ila hawezi kuwasumbua walimu mara mbili kwa kosa lisilo lake. Safari hii nitatangulia mimi kupiga magoti mbele ya kamera, niwaeleze kwa nini wanaitwa tena.

Damian hatapewa link.

Espérance ameahidi kuleta ndizi. Mimi nimekaa hapa tangu saa kumi, sijapata hata sentensi moja. Nitawaambia nini? Na nitawaambia kwa lugha gani?