Jembe Liko Nyuma ya Mlango

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba mgongo sasa unakuruhusu kuketi bila kuegemea mito mitatu. Msalimie sana shangazi. Mwambie nimesikia anakuficha chumvi, na namuunga mkono. Mimi ni mzima wa afya, ila kucha zangu hazitazamiki.

Baba, nyanya zimeiva! Ulinifundisha kwamba habari kubwa haikimbilii mbele, lakini hii imenishinda kuizuia. Beseni la kufulia limejaa, na biringanya zimeinamisha mashina yake. Siku unakwenda hospitali ulisema bustani isiyo na mgongo wa kuilima ni pori, na kwamba isipotulisha msimu huu utamwachia jirani yetu fundi gari aegeshe magari yake. Nikakuomba msimu mmoja tu. Haya, msimu umekwisha, na tumekula tukasaza.

Usidhani ulikuwa mteremko. Wiki ile ile fundi alikuja na futi kamba, akapima kutoka uzio hadi bombani, akaniambia hana haraka. Hana haraka, na futi mkononi! Nilipoanza kutandaza maboksi ya dukani juu ya magugu na kuyafunika kwa majani makavu, aliniuliza kama nahama au nahamia. Mtaa mzima ukaniita Bi Takataka. Lundo langu la kwanza la mboji ndilo lililoniaibisha zaidi, maana nililijaza maganda ya jikoni matupu, bila majani makavu hata kiganja. Lilinuka hadi mke wa fundi akabisha hodi, akauliza kwa upole kama kuna paka aliyefia uani. Nikalivunja, nikalipanga upya, tabaka bichi, tabaka kavu, na kila Jumamosi nikaligeuza nimejifunga kitambaa puani. Baada ya miezi miwili likawa jeusi, halina harufu mbaya tena.

Kisha mvua ikakata. Wiki nne, Baba, na bomba likitoa maji mara moja kwa wiki! Ng'ambo ya uzio, bustani ya mke wa fundi, iliyolimwa ikalainishwa ikapendeza, ilipasuka nyufa, mboga zake zikalala chini. Zangu zilisimama. Fundi akaja amefura, akanishutumu kwamba nina maji ninayoyaficha. Sikubishana naye, nilimwambia aingize mkono chini ya majani yangu. Akauingiza hadi kwenye kifundo, akautoa umelowa, na nyungunyungu kidoleni. Lo! Mtu mzima na ndevu zake aliruka! Tangu siku hiyo ananiletea maboksi ya vipuri mwenyewe, na ile futi amempa mkewe apimie matuta. Niache niringe kidogo, Baba, nimengoja sana.

Sasa keti vizuri. Kila ulipoandika kuniuliza kama nimelima, nilikujibu kwamba kazi inaendelea. Kazi iliendelea kweli, lakini sikulima. Sikupiga jembe hata mara moja. Liko nyuma ya mlango ulikoliacha, na buibui amejenga kwenye mpini. Maboksi yalioza chini ya majani, nikamwaga mboji juu yake, nikapanda kwa kutoboa kwa kijiti. Nilikudanganya, na ninakuomba radhi. Nilijua ungeuita uvivu, ukakatisha msimu kabla haujaanza.

Si uvivu, Baba. Asubuhi ile unaondoka ulilishika jembe hilo ukashindwa kuliinua, ukageukia ukuta ili nisione. Niliona. Nililia jikoni, kisha nikaapa kwamba lazima ipo namna ya kulisha nyumba hii bila kudai mgongo wa mtu. Namna hiyo nimeipata. Tuta la karibu na mlango nimeliacha wazi. Udongo wake unapitisha kidole kama unga. Kando yake nimeweka kiti chako, na mbegu za maboga ziko ndani ya kikombe. Hilo ni lako, utalipanda umeketi.

Daktari akikuruhusu, rudi kabla ya mvua zijazo. Nakutakia wewe na shangazi afya njema, na chumvi kidogo nitakuwekea.

Ni mimi, kitindamimba wako,

Bi Takataka