Eti Joto Limeyaua

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeamka salama, na lile goti linakuruhusu kupanda ngazi bila kulitukana. Shemeji bado anabishana na redio? Sisi huku wazima, tatizo ni joto tu. Ikifika saa nne bati limeshawaka, nami nashona na kitambaa kilicholowa shingoni.

Nakuandikia kuhusu maua ya Mama, yale mekundu yenye ukingo wa njano, yanayonyauka hadi chini kisha yakachipua tena mwaka unaofuata kwenye mizizi ile ile. Kiangazi hiki nimeyapigania. Niliyapa maji alfajiri, shinani na si juu ya majani. Nilitandaza nyasi kavu ili udongo usipasuke, na mchana niliyafunika kwa gunia. Kila shina nililifunga kwenye kijiti kwa utepe wa bluu uliobaki kwenye sare za shule. Yalikuwa mashina kumi na mawili, na yote yalikuwa yameanza kutoa vitumba vya maua.

Mwezi uliopita mwanangu alijifungua, nikaenda kumsaidia wiki tatu. Ufunguo wa geti nilimwachia Nesi, jirani yangu wa ukuta mmoja. Unamkumbuka, ndiye aliyenishika mkono siku tunamzika Mama. Tumeazimana chumvi na tumeleleana watoto. Nilipomwonyesha mpira wa maji alinicheka, akasema yeye anayeshinda na mahututi atashindwaje na maua.

Niliporudi nilikuta mashina matatu na mashimo tisa. Nesi alikuja mbio, macho yamemvimba, akanieleza kuwa joto limeyaua na yeye kayang'oa yaliyooza yasije yakaambukiza mengine. Alilia, Dada. Mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa, nikambembeleza na kumwambia asijilaumu, jua halina rafiki.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa mtaa wa juu aliniita nimpimie mapazia. Nimesimama juu ya kiti, tepu mkononi, nikatupa jicho nje ya dirisha. Nikayaona kando ya ukuta, tisa, yamechanua mpaka yanaudhi. Kila kijiti kina utepe wa bluu, na fundo ni langu. Nikashuka polepole nikauliza, kama mtu asiyejua kitu, ameyapata wapi. Mwalimu alifurahi kuulizwa. Alisema kaletewa na mama wa kijana anayemposa binti yake, nesi mmoja mkarimu sana, ambaye ameyalea kwa mikono yake miaka kumi na mitano. Nikaendelea kupima. Nilipofika nyumbani niliona nimeandika upana wa dirisha moja mara tatu, na kila mara namba tofauti.

Tunasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi wa nguo, na sikukiona.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Sikupaza sauti. Nilimwambia nimeyaona, naye hakukana. Alisema hakutaka mwanawe aonekane katoka nyumba isiyo na kitu cha kupeleka. Kisha akaongeza: "Jirani, ni maua tu. Na wewe si ulipewa tu na mama yako?"

Nilimwomba ufunguo wangu. Ulikataa kutoka kwenye pete ya funguo zake, nami nikasimama mlangoni nikimngoja kama mteja. Siku hizi namsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Zamani ningemuuliza kama kanywa dawa.

Sasa keti, Dada, maana linalofuata ni langu na wewe. Tulipoifunga nyumba ya Mama uliniomba nikutumie nusu ya maua yake. Nilikuandikia kwamba fungu lako limekufa kwa joto. Uliniamini, tena ukanipa pole. Hayakufa. Yote niliyapanda kwangu. Nilijiambia kuwa wewe ulikuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza Mama kitandani. Nesi aliposema joto limeyaua, maneno yale ningepaswa kuyatambua. Niliyatunga mimi.

Nimemkasirikia hadi chakula hakipiti, na kila nikimkasirikia nakuona wewe ukiisoma ile barua yangu.

Matatu yaliyobaki ni yako. Kuyang'oa katika joto hili kunaweza kuyaua kweli, hata kama yale tisa yalibahatika, kwa hiyo nayamwagilia tu mpaka hali ya hewa ipoe, ndipo nitayaleta mwenyewe. Ukinifungulia nitashukuru. Usiponifungulia, nitayaweka kivulini karibu na mlango wako na kurudi zangu.

Mpe shemeji salamu zangu, na wanangu wote hapo uwabusu. Goti ulikande kwa maji ya vuguvugu.

Ni mimi, mdogo wako,
Fundi