Miega ya Mlingoti Imechipua

Bujonde, Jumatano, masika. Mvua tangu alfajiri.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo mapema nisije nikalizungukazunguka. Mzee mzima, mwenye wajukuu na meno machache, naogopa majani.

Kisa chenyewe ni hiki. Kiangazi kilipokuwa kinaisha, akida alitaka bendera ya Wadachi isimame hapa kijijini. Mlingoti ukaletwa, mrefu, mkavu, umechongwa vizuri. Lakini udongo wetu mweusi haushiki kitu ukilowa, na kila upepo wa ziwani ulipopiga, mlingoti uliinama kama mlevi anayetafuta kofia yake. Nikaitwa mimi, kwa kuwa nyua na mabanda mengi ya hapa ni kazi ya mikono yangu. Nikauwekea miega minne, kama ile tunayoegemezea migomba yenye mikungu mizito. Nikaichimbia ikiwa mibichi, nikaifunga kwa kamba za magome. Akida akautikisa mlingoti, ukakataa kutikisika. Akanisifu.

Miti niliikata palepale kijitoni. Ni ule mti wa utomvu mweupe, ndugu yake mkuyu. Mgongo ulikuwa unauma, sikutaka kwenda mbali. Basi, ni hilo tu.

Sasa imechipua.

Yote minne. Mlingoti katikati ni mkavu vilevile, ila wanaoushikilia wamevaa majani mabichi yanayong'aa.

Mgeni akipita ataona kivuli. Sisi hatuoni kivuli. Kwetu malafyale mpya, yaani chifu, akitolewa mbele ya watu wake, mti huohuo hupandwa, na ukishika mizizi, basi nchi imemkubali. Kwa hiyo kila mtu anajiuliza ni nani aliyepanda nchi upya chini ya bendera ya Wadachi, kana kwamba imepata mtawala mwingine, katika mwaka huu wa vita, Waingereza wakiwa ng'ambo tu ya mto Songwe. Jibu wanalo. Ni mimi.

Bibi zetu wakienda shambani wanainama kidogo mbele ya miega, wanasema "ugonile", kama wanaamkia mtu, halafu wanaendelea na njia wamefumba midomo wasicheke. Jirani yangu alinipiga begani akasema safari hii nimewaweza Wadachi. Nikamwapia kwamba sikukusudia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Hilo ndilo linaloniua. Maisha yangu yote nimetania. Kwenye mafunzo ya ubatizo nilimuuliza mchungaji kwa nini Nuhu hakuwaacha mbu wafe. Nimetania hata msibani. Kazi moja tu nimeifanya bila utani, na hiyo ndiyo hakuna anayeniamini. Mke wangu Tupokigwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nami ningecheka, kama si mimi nitakayebaki mjane."

Hatanii. Vita ilipoanza Wadachi walimkamata mtu mmoja wa kando ya mto kwa kuvusha ndizi zake ng'ambo. Hajarudi. Zile zilikuwa ndizi tu.

Jana nilitaka kuyapukutisha machipukizi yote. Tupokigwe akanishika mkono. Mti wa namna hiyo ukishashika, anayeuua anajitafutia balaa yeye na nchi nzima; mvua itakauka, ng'ombe watatupa mimba. Najua. Nimebatizwa, lakini najua. Nikarudi nyumbani na mikono mitupu.

Leo asubuhi akaja akida pamoja na mkalimani. Kesho Bwana Mkubwa mwenyewe, Mdachi wa boma, anapita kuitazama bendera. Akida ni mtu wa pwani, mambo yetu hayajui. Alipoyaona majani alifurahi. Alisema bendera sasa ina bustani, na Bwana Mkubwa anapenda bustani. Akaniamuru niimwagilie.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwagilia.

Mkalimani alibaki nyuma. Huyu ni Ambakisye, mzaliwa wa kijiji cha Ipyana, na mila anazijua kama mimi. Siku moja barazani nilimwona akimwitikia Mdachi kabla Mdachi hajamaliza kusema, nikambandika jina: Bwana Ndiyo. Jina likamganda. Sasa wanamwita hivyo mpaka ukweni kwake.

Alilishika jani moja, akalipapasa polepole, asilichume. Kisha akaongea kwa lugha yetu, akaniita baba.

"Tata, na umri wako huo."

Nikamwambia sikukusudia.

"Najua. Wewe hujawahi kukusudia kitu. Kesho Bwana Mkubwa ataniuliza kwa nini watu wanaitazama bendera yake wakicheka. Nimjibu nini?"

Nikasema, "Ambakisye, mwanangu."

Akaliachia jani. "Kumbe jina langu unalijua," akasema, akaondoka kumfuata akida.

Hakusema atajibu nini. Tangu asubuhi naligeuza neno lake huku na huku, na upande wa kunifariji siuoni.

Alasiri nimekwenda tena na kibuyu, maana amri ni amri. Mwega mmoja umetoa jani jipya, dogo, jekundujekundu, bado limejikunja. Nilitaka kulichukia. Nimejikuta naliambia, haya, kua basi. Kisha nikageuka nyuma haraka kuona kama kuna aliyenisikia. Hata mimi sasa sijui kama kweli sikukusudia.

Kesho roho yangu itakuwa mdomoni mwa Ambakisye. Jioni ikinikuta hai, nitakwenda Ipyana nimwite kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya wote waliowahi kucheka. Hata mbele ya wakwe zake.

Nisiporudi, nimeshamwambia Tupokigwe miti asiimwagilie. Mvua inatosha.